Thelathini na Tano Mbili

Katika daftari la mtoto wa darasa la tatu hesabu imepangwa vizuri: 52 juu, 27 chini yake, alama ya kutoa pembeni, na mstari ulionyooshwa kwa rula. Chini ya mstari mtoto ameandika 35. Daftari la jirani yake nalo lina 35. Kalamu nyekundu inapita, X huku na X kule, na daftari linalofuata linafunguliwa.

Mwalimu hodari husita hapo. Jibu sahihi ni 25, hilo halina ubishi, lakini 35 imetoka wapi? Anawaita watoto hao mezani, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anamwambia maneno yale yale: “Hebu nieleze ulivyofanya.” Wa kwanza anasema, “Mbili kutoa saba haiwezekani, kwa hiyo nikafanya saba kutoa mbili, tano. Halafu tano kutoa mbili, tatu.” Wa pili anasema, “Mbili kutoa saba haiwezekani, nikakopa moja, ikawa kumi na mbili. Kumi na mbili kutoa saba, tano. Halafu tano kutoa mbili, tatu.”

Jibu ni lile lile, ila kila mmoja amekosea mahali pake.

Wa kwanza anaamini kwamba katika kutoa, kidogo ndicho kinachotolewa kwenye kikubwa, kiwe juu au kiwe chini. Haioni 52 kama kitu kizima. Anaona safu mbili za tarakimu zisizojuana. Huyo anahitaji kurudi kwenye vizibo vya soda na njiti zilizofungwa kumikumi, ashuhudie kwa macho yake fungu la kumi likifunguliwa. Wa pili anajua kwamba fungu hufunguliwa, na amelifungua mwenyewe; hakukumbuka tu kwamba mafungu yamebaki manne. Kumrudisha kwenye vizibo ni kumpotezea asubuhi yake. Kinachomfaa ni kuzoea kukata ile 5 na kuandika 4 juu yake kabla hajaendelea. Zile X mbili zinazofanana zingewapa wote wawili marudio ya aina moja, na mmoja wao angerudia asichokihitaji.

Ufundi unaosifiwa katika kurasa hizi ni huo: kusoma jibu la mtoto kama mtu anavyosoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mgumu, akiwa na hakika kwamba aliyeiandika alikuwa na jambo la kusema. Ni ufundi wenye istilahi nyingi, na istilahi hizo zimeandikiwa vitabu vizito vya vyuo vya ualimu. Lakini mahali pake pa kazi ni pale mezani, kati ya mwalimu, mtoto na daftari.

Kiswahili kina neno moja, kupima, linalotumika dukani, kwa fundi cherehani na hospitalini. Muuza sukari hupima kilo. Fundi hupima kiuno na mabega. Mwenye homa huambiwa akapime malaria. Shuleni, upimaji ukitajwa, wengi hufikiria kupima kwa dukani: mtoto yuko kwenye mizani, namba inasomwa, inaandikwa, basi. Kupima kwa hospitalini ni tofauti. Hakuna apimaye malaria kwa ajili ya kujua tu. Hupima ili apate dawa, na pia ili asimeze dawa ya ugonjwa asio nao.

Akina mama wanaohudhuria kliniki wanalifahamu jambo hili kuliko mtu yeyote. Kila mwezi mtoto huning’inizwa kwenye mizani, uzito wake ukawekewa nukta kwenye kadi, na nukta zikaunganishwa. Uzito wa mwezi mmoja peke yake hausemi mengi. Mstari ukilala, au ukianza kushuka, ndipo muuguzi anapouliza: anakula nini, anaharisha, ameanza lini kukataa uji? Mizani imefungua mazungumzo, na mazungumzo hayo ndiyo yatakayobadilisha mstari wa mwezi ujao. Walimu huita upimaji wa namna hii upimaji endelevu, ule unaofanyika njiani wakati bado kuna la kurekebisha. Ule wa mwisho, unaotoa daraja na cheti, huitwa upimaji tamati. Mwanafalsafa Michael Scriven ndiye aliyezitofautisha aina hizo mbili kwa majina mwaka 1967, akizungumzia tathmini ya mitaala, na muda mfupi baadaye Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago akaupeleka mgawanyo huo kwenye masomo ya mwanafunzi mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1967, mwezi Machi, Julius Nyerere alitoa andiko lake Elimu ya Kujitegemea. Yeye alikuwa amefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuingia katika siasa, na lawama yake kwa mitihani ni ya mtu aliyewahi kusahihisha. Alieleza kwamba mtihani hupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa kuamriwa ndani ya saa zilizopangwa, ukaacha nje uwezo wa kufikiri na tabia ya mtu. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma la chama tawala lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali maendeleo na mwenendo wa mwanafunzi kwa miaka yote navyo vihesabiwe. Lilikuwa wazo zuri, na bado ni zuri. Lilipofika darasani, hata hivyo, mara nyingi liligeuka kuwa majaribio mengi zaidi na safu ndefu zaidi za alama katika rejista. Alama kumi za njiani, kama hakuna aliyezisoma zinasema nini, ni mtihani mmoja uliokatwa vipande kumi.

Kuheshimu kosa kuna kisa chake kizuri kilichotokea Paris. Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo chao maarufu cha akili za watoto mwaka 1905. Binet alifariki 1911. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kijana wa Uswisi, Jean Piaget, ambaye hadi wakati huo alijulikana kwa utafiti wake wa konokono, alipewa na Simon kazi ya kuwajaribu watoto wa Paris kwa maswali yaliyotungwa Uingereza na Cyril Burt. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhesabu waliopata. Piaget akavutiwa na waliokosa. Aliona watoto wa umri unaokaribiana wakikosea kwa namna inayofanana, kana kwamba walikuwa na mantiki yao ambayo watu wazima wameshaisahau, naye akaanza kuwauliza kwa nini wamejibu hivyo. Aliendelea kuuliza maisha yake yote, na mengi ambayo walimu wa leo wanafundishwa kuhusu kukua kwa fikra za mtoto yalianzia kwenye majibu yale yaliyostahili kutupwa.

Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walifanya uchunguzi wa aina hiyo kwa kutumia kompyuta. Walichukua hesabu za kutoa zilizofanywa na watoto zaidi ya 1,000 wa Nicaragua, wakatunga programu iliyotafuta kanuni iliyojificha nyuma ya kila kosa. Ikaonekana kwamba makosa mengi hayakuwa ya uzembe. Mtoto alikuwa akifuata kanuni kwa uaminifu, hatua kwa hatua. Kasoro ilikuwa katika kanuni yenyewe. Yule anayetoa kidogo kwenye kikubwa amo katika orodha yao, na yule anayekopa asipunguze amo pia. Watoto wa Managua na watoto wa Morogoro hawajawahi kuonana, lakini wanakosea kama ndugu.

Jibu sahihi nalo linataka kusomwa. Mwanafunzi anaweza kurahisisha 16/64 kwa kufuta 6 ya juu na 6 ya chini, akabaki na 1/4, akapata vema yake na kwenda nyumbani na furaha na kanuni mbovu. Yuko pia yule aliyepata 25 katika hesabu yetu kwa kuchora vijiti 52 pembeni mwa daftari na kukata 27 kimoja kimoja. Amepata, na kazi yake ni ya uvumilivu wa kusifiwa, lakini siku ya 520 kutoa 270 karatasi haitamtosha.

Yapo mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili peke yake ndiye anayeweza kuyaona. Saa, kwa mfano. Mchoro unaonyesha mshale mfupi kwenye 7 na mrefu kwenye 12. Mtoto anaandika “saa saba”. Kwa saa yetu ni saa moja, na X inaonekana kustahili. Lakini mtoto huyu ameshika simu ya mama yake asubuhi na kuona 7:00. Anaisoma mishale barabara, kitu ambacho wenzake wengi hawajaweza. Alichokosa ni kule kuruka saa sita ambako kila Mswahili hufanya bila kufikiri, na ambako hakuna mtoto anayezaliwa akikujua. Mwalimu anayetaka uhakika humwuliza: “Mshale mfupi ukifika kwenye 8, itakuwa saa ngapi?” Akijibu saa nane, basi anasoma namba iliyoandikwa na ndipo pa kuanzia. Akijibu saa mbili, mara ya kwanza alipitiwa tu.

Au mtoto anayesomewa “mia tatu na tano” na kuandika 3005. Ameandika alichosikia, mia tatu kwanza na tano ikafuata, kwa utiifu kamili. Namba zetu humsaidia mahali pengine, kwani “kumi na moja” inajieleza yenyewe kwa sikio, lakini hapa zimempoteza, na mwalimu anayesikia Kiswahili chake mwenyewe kwa makini atajua kosa lilipoanzia.

Kuna jambo linaloitwa uhalali wa kipimo. Maana yake ni rahisi kusema na ngumu kutimiza: kipimo kipime kile kilichokusudiwa. Mtoto anayeandika “samani” alipotaka kusema “thamani” amekosa katika imla, na imla ni mahali pa kumkata alama, kwa sababu samani ni meza na viti. Mtoto huyo huyo akiandika insha juu ya bei ya ng’ombe mnadani, akaeleza vizuri kwa nini bei hushuka wakati wa kiangazi mifugo inapokonda, “samani” yake haithibitishi kwamba haelewi thamani. Mwalimu anayekata alama pale pale kwa sababu ya s na th amepima matamshi ya nyumbani kwa mtoto huku akidhani anapima hoja.

Suala hili lina mfano mkubwa kuliko insha moja. Katika shule za msingi za serikali za Tanzania Bara masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto akiingia kidato cha kwanza lugha inakuwa Kiingereza, na maswali ya biolojia yanakuja kwa lugha ambayo wengi hawajawahi kuitumia nje ya kipindi cha Kiingereza. Akiachwa aeleze usanisinuru kwa Kiswahili, atataja jua, maji, hewa na kijani cha jani. Kwa Kiingereza ataacha nafasi wazi. Je, ile sifuri ni ya biolojia au ya lugha? Watafiti wa mradi wa LOITASA, uliowakutanisha kuanzia 2002 wanazuoni wa Tanzania na Afrika Kusini, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa miongoni mwao, walilinganisha madarasa ya lugha hizi mbili na kuona wanafunzi wakieleza na kujadiliana kwa wepesi zaidi katika Kiswahili. Mjadala wa lugha ya kufundishia una pande nyingi, na hautamalizwa na insha moja. Lakini kwa upande wa upimaji hali iko wazi: alama inayochanganya ujuzi wa aina mbili haimwambii mwalimu aanze kufundisha upi.

“Moyo husukuma da…?” mwalimu anauliza, na darasa zima linamalizia, “Mu!” Kila aliyesoma Afrika Mashariki ameisikia sauti hiyo ikitoka madirishani. Ina raha yake, inaamsha waliosinzia, na kwa watoto wadogo wanaojifunza sauti ina kazi yake halali. Inapotumika kama kipimo haifai. Katika ile “mu” moja wamo waliojua, waliobahatisha kutokana na silabi ya mwanzo, na waliofungua midomo tu. Hivyo hivyo na “Tumeelewa?” ambayo jibu lake tangu enzi na enzi ni “Ndiyo, mwalimu.” Swali hilo linapima adabu, na adabu hatujambo nayo.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi vipindi vingi vya sayansi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaandika kwamba walimu, baada ya kuuliza, husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi waliona majibu yakirefuka, watoto waliokuwa kimya wakianza kusema, na watoto wenyewe wakiuliza zaidi. Sekunde tatu ni fupi kwa msomaji wa gazeti. Kwa mwalimu aliyesimama mbele ya macho tisini, huku mikono mitatu ya walewale wa kila siku ikipungwa mbele kabisa, ni ndefu kama siku ya mwisho ya mfungo. Kuzivumilia ni sehemu ya ufundi huu, na pengine ni sehemu inayodai moyo kuliko zote.

Pwani kuna mahali ambapo upimaji wa mtoto mmoja mmoja ni wa kale kuliko shule. Katika chuo cha Kurani, Lamu, Unguja au Tanga, mtoto hukaa mbele ya mwalimu na kusoma. Mwalimu anasikiliza. Akikosea herufi anasimamishwa hapo hapo, anasomewa, anarudia, na hapiti kwenda sura ya mbele mpaka ya nyuma imenyooka. Katika jamvi moja mmoja yuko alifu, mwingine yuko juzuu ya kwanza, na mkubwa amekaribia kuhitimu. Mkubwa humsikiliza mdogo. Alama hakuna, nafasi ya kwanza na ya mwisho hakuna. Kinachopimwa humo ni usomaji na hifadhi, na maana mara nyingi husubiri miaka, kwa hiyo si mfano wa kila kitu. Lakini kosa linapata jibu ndani ya pumzi moja, kabla halijazoeleka ulimini, na hilo ndilo ambalo shule ya watoto wengi hulitafuta kwa shida.

Jibu la mwalimu kwa kosa huitwa mrejesho. Kalamu nyekundu ina msamiati wake: “Vema”. “Jitahidi”. “Ongeza bidii”. Na lile neno moja linalomfanya mtoto akose usingizi: “Nione”. Kati ya hayo, “Nione” lina matumaini zaidi, ikiwa kweli mtoto ataonana na mwalimu na wakafungua daftari pamoja. “Ongeza bidii” halimwambii mtoto wa 35 aongeze bidii wapi. Bidii anayo, na anaitumia kukopa bila kulipa. Maneno kama “ulipokopa, makumi yalibaki mangapi?” ni mafupi, yanaingia katika nafasi ile ile pembeni mwa ukurasa, na yanamwachia mtoto kazi ya kufanya. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alichapisha jaribio ambalo kundi moja la wanafunzi lilipewa alama peke yake, jingine maelezo peke yake, na la tatu vyote viwili. Waliopata maelezo peke yake waliendelea vizuri. Waliopata vyote viwili hawakuwazidi waliopata alama tupu. Namba ilipokaa kando ya maneno, watoto walisoma namba. Miaka kumi baadaye Paul Black na Dylan Wiliam wa King’s College London walipitia tafiti zipatazo 250 na kuonyesha kwamba upimaji wa njiani ukifanywa vizuri huinua ujifunzaji, na huwainua zaidi wale walioachwa nyuma.

Alama zenyewe si thabiti kama zinavyoonekana. Mwaka 1913 Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani walipeleka karatasi moja ya jometri, iliyojibiwa na mwanafunzi mmoja, kwa walimu zaidi ya mia moja. Wapo walioipa chini ya 30 na wapo walioipa zaidi ya 90. Jometri, si insha! Ndiyo maana walimu makini huandika mwongozo wa kusahihisha kabla ya kuona daftari la kwanza, husahihisha swali la kwanza la darasa zima ndipo waguse la pili, na hufunika jina la mtoto kwa kiganja. Uchovu wa saa kumi na mbili jioni una ukali wake, na mtoto ambaye daftari lake liko chini ya rundo hana kosa.

Mwaka 2013 Watanzania waliliona jambo hili kwa kiwango cha taifa. Matokeo ya kidato cha nne cha 2012 yalipotangazwa mwezi Februari, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa, na Baraza la Mitihani likayapanga upya kwa utaratibu wa viwango uliotumika zamani. Karatasi ni zile zile, wino ni ule ule, na ujuzi wa vijana haukuongezeka wala kupungua katika miezi hiyo. Mpaka kati ya kufaulu na kufeli ulikuwa umechorwa na watu, na watu wakauchora tena.

Na nafasi darasani? “Wa tatu kati ya arobaini” ni sentensi inayopendwa kwenye ripoti, wazazi huisoma kwanza na wengine huishia hapo. Inasema mtoto amewapita wangapi. Haisemi kama anajua kugawanya. Mwaka 1963 Robert Glaser alitoa hoja kwamba yako mambo mawili tofauti, kumlinganisha mwanafunzi na wenzake na kumlinganisha na kile alichotakiwa kuweza, na darasani la pili ndilo lenye faida. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora wa kitaifa Januari 2023. Kenya nayo iliagana na KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, mwaka huo huo, na katika mpango wake mpya mtihani wa gredi ya 9 unabeba asilimia 60, tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na tathmini ya gredi ya 6 asilimia 20 zilizobaki. Mwalimu wa darasa amekabidhiwa sehemu ya mizani, na uzito wake utategemea ufundi wake wa kusoma majibu.

Kipimo rahisi kuliko vyote kilichowahi kupita vijijini kwetu pengine ni kile cha Uwezo, kilichoanza 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda kwa kuiga mfano wa India. Watu waliojitolea walikwenda nyumbani, si shuleni, wakakaa na mtoto mmoja na karatasi yenye ngazi chache: silabi, maneno, aya, hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto anasoma kwa sauti. Anapokwama ndipo alipo. Ripoti ya kwanza ya Tanzania ilionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 waliokuwa wakimaliza shule ya msingi hakuweza kusoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Taifa lilishtuka, na lilikuwa na haki ya kushtuka. La kujifunza zaidi lilikuwa kwenye karatasi yenyewe: mama aliyeketi mlangoni akichambua mchele alimsikia mwanawe akikwama kwenye aya, akajua leo, bila kusubiri darasa la saba.

Mwenye darasa la watoto tisini atasema hana dakika za kuwaita mezani wote, na anasema kweli. Ufundi umempa njia nyingine. Madaftari kumi yanayochukuliwa kila siku, kila siku ya safu tofauti, huzunguka darasa zima kabla ya wiki mbili kwisha. Vipande vya boksi vilivyokatwa ukubwa wa kitabu hufanya kazi ya vibao: kila mtoto anaandika jibu lake kwa chaki, anakifunika kifuani, na vyote vinainuliwa kwa pamoja, asipatikane wa kupiga chabo. Kwa dakika moja mwalimu ameona majibu tisini.

Iliyobaki ni kuchagua namba. Jioni, daftari la mwisho likiwa limefungwa, mwalimu wa darasa la tatu anagundua kwamba kasoro nyingine ilikuwa katika swali lake. Katika 52 kutoa 27, anayegeuza anapata 35 na anayekopa asilipe anapata 35, kwa sababu 7 kutoa 2 na 12 kutoa 7 zote ni tano. Swali liliwaficha. Anachukua kalamu na kubadilisha tarakimu moja katika andalio la somo la kesho, saba iwe nane. Sasa anayegeuza atapata 36, anayesahau kupunguza atapata 34, na aliyeelewa atapata 24. Hakuna tena wawili wa kujificha nyuma ya jibu moja.

Asubuhi anaandika ubaoni 52 − 28. Anarudi nyuma ya darasa, anasubiri chaki zinyamaze, anahesabu kimoyomoyo mpaka tatu, kisha anahesabu tena.

“Inueni.”

Maboksi yanapanda juu. Ishirini na nne, ishirini na nne, thelathini na nne. Upande wa dirishani, 36 ziko tano, nne zikiwa za dawati moja, na mwalimu tayari anawafuata na mfuko wake wa vizibo.